Mwalimu Mgeni katika Pwani ya Tongoni

Kila mwaka vijana wetu hutoka vyuoni na cheti cha ualimu mkononi, kisha hupokea barua ya kuwapangia shule mahali ambapo hawajapata kupaona. Kijana wa Songea huambiwa aende Kigoma, wa Bukoba aende Lindi, na wa milimani ashuke pwani. Nyumbani baba hukuna kichwa, mama hufuta machozi, na bibi huuliza kama huko aendako mjukuu wake kuna watu wema. Basi leo nataka kuzungumza nanyi juu ya maisha ya mwalimu mgeni, na juu ya mahali pamoja ninapopajua, yaani Tongoni katika pwani ya Tanga. Huko nilifundisha miaka mitatu kabla ya kurudi kwetu Kibosho kushika kalamu ya karani wa parokia.

Ualimu wa ugenini ni jambo la zamani. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alisafiri hadi Berlin kuwafundisha Wadachi lugha ya Kiswahili, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Na toka miaka ya 1960 vijana wa kujitolea kutoka Japani wamekuwa wakija Tanzania, na wengine wao wamefundisha hesabu na sayansi katika shule zetu. Mjapani aliye Tanzania, Mtanzania aliye ng'ambo, na Mchaga aliye Tongoni, wote watatu wana shida moja. Siku za kazi hupita upesi, kwa kuwa mwalimu ana watoto mbele yake na chaki mkononi. Siku ngumu ni Jumamosi. Shule imefungwa, nguo zimekwisha fuliwa, na mgeni amekaa mlangoni peke yake akihesabu majuma yaliyobaki kufika likizo. Mimi naamini kwamba namna anavyoitumia Jumamosi hiyo ndiyo itakayoamua kama atakaa au ataondoka.

Tongoni ni wapi

Ukitoka mji wa Tanga kwa njia ya kusini iendayo Pangani, utakwenda kilometa 17 hivi, na hapo ndipo Tongoni. Bahari iko mkono wako wa kushoto, lakini mara nyingi huioni kwa ajili ya minazi na mikoko. Watu wa huko ni Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Washirazi, na wengi wao ni Waislamu. Huvua samaki, hulima muhogo, hupanda minazi. Jina lenyewe lina habari yake. Tongo ni mahali palipokuwa na mji, watu wakahama, zikabaki kuta. Basi Tongoni ni kwenye mji wa kale uliohamwa.

Wazee wana Kiswahili chao kiitwacho Kimtang'ata, kutokana na Mtangata, jina la kale la nchi ile. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Whiteley, aliandika kitabu juu ya lugha hiyo mwaka 1956. Sisi watu wa bara tuliojifunza Kiswahili shuleni, tukisikiliza wazee wa pale wakizungumza barazani, twagundua kwamba maneno tuliyopewa darasani ni kibaba tu, na ghala lenyewe liko huku.

Chumba, kitoweo na kalenda ya bahari

Nilifika mwaka 2014 na sanduku moja la bati. Nilipanga chumba katika nyumba ya miti na udongo yenye paa la makuti, kwa bibi mmoja mjane. Mimi nilimwita bibi, naye aliniita mwalimu mbele ya watu, na mwanangu tulipokuwa peke yetu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba na kuniuliza nimelalaje, ndipo siku ikaanza. Msomaji, usidharau jambo hili. Pwani mtu apitaye bila kusalimu huhesabiwa kuwa hakulelewa, hata akiwa na vyeti vya kujaza kabati.

Chakula ni kigeni kwa mtu aliyezoea ndizi na mtori. Asubuhi ni maandazi kwa mbaazi za nazi. Mchana ni ugali kwa samaki, au muhogo uliopikwa kwa tui. Mtu wa bara akiambiwa alete mbuzi ili nazi ikunwe, hudhani atakwenda kufungua zizi. Kumbe mbuzi ni kile kigoda chenye chuma cha meno mbele, ambacho mpishi hukikalia akikuna nazi. Nazi iliyokunwa huchanganywa na maji, ikakamuliwa katika kifumbu, na tui la kwanza, lililo zito, huwekwa kando kutiwa mwisho. Baada ya miezi miwili ulimi wangu ulianza kuona mchuzi usio na nazi kuwa umepungukiwa.

Lakini jambo lililo kubwa kwa mwalimu ni maji ya bahari kujaa na kupwa. Kwetu milimani twahesabu siku kwa mvua na kwa soko. Huko huhesabu kwa mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne ya asubuhi. Miamba hutoka nje, na kina mama hushuka na vijiti vyao kutafuta pweza na chaza. Saa nne ya asubuhi ni saa ya hesabu darasani! Mwalimu asiyejua ataona madawati matupu mara mbili kila mwezi, na ataandika kwamba watoto wa pwani ni watoro. Mwalimu mkuu wetu alikuwa na busara. Siku yangu ya kwanza alinionyesha kalenda yake, ambayo tarehe za bamvua zilipigwa mstari mwekundu. Kabla ya kila bamvua alizunguka nyumba kwa nyumba akizungumza na wazazi, hata wakakubali kwamba mtoto wa darasa la saba asiguswe, na kwamba wadogo waende mwambani siku za Jumamosi na Jumapili tu. Hawakutii wote, lakini madawati yalijaa kuliko kwanza.

Ilipofika Ramadhani sikula wala kunywa mbele ya watu mchana. Hakuna aliyeniamuru, ni adabu tu, kama vile nasi tusivyopenda mtu atafune mkate katikati ya ibada yetu. Jioni ya kwanza sahani ya futari, muhogo na kunde, ililetwa mlangoni kwangu imefunikwa kawa. Ikaletwa tena kesho yake, hata mwezi ukaisha. Noeli ilipofika nami nilinunua sukari na mchele nikampa bibi, akagawa kwa majirani.

Swali la sanduku

Mama yangu alikuwa hajatulia. Alinipigia simu kila Jumapili, na kila mara alimaliza na neno moja: «Tafuta uhamisho, mwanangu, huko pwani watakuroga.» Mjini nako nilisikia ule msemo wa Tanga ujulikanao nchi nzima, «Waja leo, waondoka leo.» Watu huutafsiri kwa namna nyingi na kucheka. Pale Tongoni niliusikia kwa namna isiyochekesha.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa kukaa kwangu. Nilipita barazani pa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu. Nikamwamkia. Akaniuliza, «Mwalimu, nguo zako bado zimo sandukuni?»

Nikamjibu, «Ndiyo, babu, zimo sandukuni.»

Akaendelea kushona, kisha akasema, «Walimu watatu wamepita katika chumba kile. Hakuna aliyepiga msumari ukutani akatundika shati. Watoto huona. Mtoto hawezi kumpa moyo wake mtu ambaye sanduku lake limefungwa.»

Neno hili lilinikaa. Kijiji kile kilikuwa kimeona wengi waliokuja leo na kuondoka leo, na watoto walilipa gharama. Darasa moja lilikuwa limebadilishiwa mwalimu wa Kiswahili mara tatu kabla ya kufika la sita. Nikaona kwamba sina budi kuchagua. Ama niendelee kuhesabu majuma, ama nitoke mlangoni siku ya Jumamosi nikaijue nchi niliyomo. Jumamosi iliyofuata nikaazima nyundo.

Jumamosi ya magofu

Mahali pa kwanza palikuwa karibu, mwendo wa miguu tu kutoka chumbani kwangu. Ni magofu ya msikiti wa kale na makaburi yanayouzunguka, kando ya bahari. Wataalamu husema msikiti ule ni wa karne ya 15. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Paa limekwisha anguka, lakini kibla chake bado chaonyesha upande wa kaskazini. Makaburi ni zaidi ya 40, na mengi yalijengewa nguzo ndefu ya mawe upande wa kichwani. Nguzo nyingi zimeanguka. Hata hivyo hakuna mahali pengine katika pwani yote ya Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi pamoja kama pale.

Nilikwenda na wanafunzi kumi na wawili wa darasa la tano, kila mmoja na penseli. Nikawaambia wahesabu na wachore. Wakaona katika nguzo na kuta vishimo vya duara, wakauliza ni vya nini. Mlinzi wa pale akatueleza kwamba zamani bakuli za kaure zilizotoka China zilipachikwa humo kuwa pambo. Kulikuwa pia na kigae chenye maandishi ya Kiajemi, ambacho Mwingereza Burton alikiona alipofika mwaka 1857. Siku hizi vishimo vi vitupu. Wageni wa zamani walizibandua bakuli wakaenda zao. Mtoto mmoja akasema, «Hao nao waja leo, waondoka leo.» Tukacheka sote, hata mlinzi.

Niliwasimulia habari nyingine inayohusu pwani ile ile. Mwezi wa Aprili 1498 merikebu tatu za Wareno chini ya Vasco da Gama zilikuwa zikipita kwenda Mombasa. Moja, iliyoitwa São Rafael, ilipanda mwamba mbele ya Mtangata. Maji yalipojaa ikaelea tena. Wenyeji wakaja kwa vyombo vyao wakiwaletea machungwa, na Mreno mmoja aliyeandika habari za safari alisema yalikuwa mazuri kuliko ya kwao. Mwezi wa Januari 1499 walipokuwa wakirudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, hata hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Basi wakaichoma moto São Rafael pale pale. Ugonjwa ule uliowala, wa kuvimba ufizi, siku hizi wajulikana kuwa watokana na kukosa matunda na mboga mbichi. Nanyi mwajua kwamba Malaika Rafaeli ndiye aliyemwongoza kijana Tobia safarini. Nilipofikiri juu ya machungwa yale niliona kwamba wageni wale walipewa dawa yao mkononi mwa wenyeji, wala hawakuijua. Hata leo machungwa ya mkoa ule, hasa ya Muheza, huuzwa kila mahali.

Jumatatu watoto walinisomea insha zao juu ya magofu. Kabla ya hapo walikuwa wakiandika mistari mitano kwa kulazimishwa. Siku ile mtoto wa mvuvi alijaza kurasa mbili, akaeleza jinsi babu yake alivyomwambia mahali mwamba ulipo na namna ngalawa zinavyouepa. Mimi nilileta habari ya Wareno, yeye akaleta habari ya mwamba, na somo likawa letu sote.

Machui, kwa karani mwenzangu

Jumamosi nyingine nilipanda gari la abiria kurudi upande wa Tanga, nikashuka Machui. Katika kitongoji cha Vibambani, mahali hapo, ndipo alipozaliwa Shaaban Robert tarehe 1 Januari 1909, na huko ndiko alikozikwa alipofariki mwaka 1962. Hakuna mtu aliyesoma shule ya Tanzania asiyelijua jina lake. Lakini wengi hawajui kwamba kazi yake ya mkate ilikuwa ukarani. Alikuwa karani wa forodha, akakaa Pangani na vituo vingine, baadaye akatumikia idara nyingine za serikali, na vitabu vyake aliviandika katika saa zilizobaki.

Tena wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao, watu wa kusini ya mbali. Mtoto wa jamaa iliyotoka mbali ndiye aliyekuja kuwa bwana wa lugha ya pwani. Nilisimama penye kaburi lake kwa heshima, nikafikiri juu ya wanafunzi wangu, wa wenyeji na wa wageni, waliokaa dawati moja.

Mji wa Tanga na mapango

Kijijini kwetu pale hapakuwa na kanisa. Kwa hiyo mara mbili kwa mwezi nilikwenda mjini Jumamosi, nikalala kwa mwalimu mwenzangu Ngamiani, na Jumapili tukaenda Misa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Antoni, Chumbageni. Ngamiani si mahali pa kupotea, kwa kuwa barabara zake nyingi zaitwa kwa hesabu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Ukijua kuhesabu umefika.

Tanga ni mji wenye mengi kwa mwalimu wa historia. Reli ya kwanza ya nchi hii ilianza kujengwa hapo mwaka 1893, ikapanda polepole kwa miaka mingi hadi Moshi. Shule ya serikali ya Wadachi ilikuwa hapo, na toka shule hiyo lilitoka gazeti la Kiswahili liitwalo Kiongozi, lililoanza karibu na mwaka 1904. Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walileta askari wengi kutoka Bara Hindi wakashuka pwani kuuteka mji, wakashindwa na jeshi la Wadachi, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Nyuki nao waliwavamia watu katika mapigano hayo, hata wengine wakaviita vita vya nyuki.

Kilometa 8 hivi kaskazini ya mji yako mapango ya Amboni, yaliyochimbwa na maji katika mwamba wa chokaa. Uende na mtembezaji mwenye taa, maana ndani ni giza tupu, na popo ni wengi. Watu husimulia kwamba pango moja lafika mpaka Kilimanjaro, na mtembezaji aliposikia kwamba mimi ni wa Kibosho akanitania kwamba naweza kwenda nyumbani bila nauli. Lakini wapimaji waliopima mwaka 1994 waliona kwamba pango refu kupita yote halifiki hata kilometa moja. Nauli, basi, yabaki pale pale.

Pangani, maji ya nyumbani

Safari niliyoipenda kupita zote ni ya kusini. Kutoka Tongoni unapita Kigombe, kijiji cha wavuvi. Katika sehemu hii ya bahari, kuanzia miaka ya 2003 na 2004, wavuvi walianza kunasa samaki mkubwa wa ajabu aitwaye silikanti. Wataalamu walidhani samaki wa aina hii wametoweka duniani tangu mamilioni ya miaka, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 serikali ikatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Yule mzee wa nyavu aliniambia, «Mwalimu, sisi hatukumgundua. Yeye alikuwapo, nasi tulikuwapo. Mliokuwa hampo ni ninyi.»

Kutoka Tanga hadi Pangani ni kilometa 50 hivi. Pangani ni mji mdogo wa nyumba za kale zenye milango ya kuchongwa, kwenye mdomo wa mto. Ulipata kuwa mji mkubwa wa biashara ya pembe za ndovu na, kwa huzuni, ya watumwa. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walianza hapo kuwapinga Wadachi, na hapo hapo Abushiri alinyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Ng'ambo ya mto, Kikogwe, ndipo mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipopandwa mwaka 1893. Bwana Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, lakini miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo michache yalitoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, mashamba yaliyoita wafanya kazi wageni kutoka kila upande.

Nilisimama penye kivuko nikitazama mto. Maji yale, msomaji, nayajua. Mito ya Kibosho, Karanga na Weruweru, huingia Kikuletwa, Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto Pangani huanza safari yake ndefu kupita nchi kavu, ukazungusha mitambo ya umeme huko Hale, ukaishia hapo baharini. Maji ya Karanga niliyachota utotoni kwa ndoo ya mama. Jioni ile nilimpigia simu nikamwambia, «Mama, maji yako yamefika, nimeyaona.» Alicheka. Jumapili iliyofuata hakutaja uhamisho.

Maneno kwa wazazi na kwa wenyeji

Mwisho wa mwaka wa kwanza ilipatikana nafasi ya kubadilishana na mwalimu aliyekuwa Moshi. Niliikataa. Darasa langu la tano lilikuwa linaingia la sita, na kama ningaliondoka lingepata mwalimu wa nne. Nilikaa nao hata wakafanya mtihani wa darasa la saba, nikasubiri matokeo. Wengi wao walikwenda sekondari, na katika hao yumo mtoto wa mvuvi. Ndipo nikarudi nyumbani, maana mimi ni kitinda mimba, na mama alikuwa ameanza kuugua na hana mtu wa kumsaidia. Bibi aliyenipangisha alinipa mkeka wa ukindu aliousuka mwenyewe. Mama ndiye aukaliaye mpaka leo, yeye aliyeogopa kwamba watu wa pwani wataniroga.

Sasa nina maneno machache. Kwanza, ninyi wazazi mlio na mtoto aliyepangiwa mbali. Hofu zenu nazielewa, hasa kwa mabinti. Ulizeni mambo ya kweli. Je, amepata chumba chenye mlango wa kufungika? Amejitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mwalimu mkuu? Yuko mama mtu mzima jirani anayeweza kumwita usiku? Mkiisha kupata majibu mema, acheni kumwimbia uhamisho kila simu. Mwulizeni badala yake, «Jumamosi hii umekwenda wapi? Umeona nini?» Swali hilo litamtoa mlangoni.

Pili, wewe mwalimu kijana. Usingoje mpaka uipende nchi ndipo uitembee. Tembea kwanza. Anza na palipo karibu, uende na mwenyeji au na wanafunzi wako kwa ruhusa ya wazazi wao, uulize wazee, uandike. Kila kijiji cha Tanzania kina mwamba wake, kaburi lake, mti wake na mto wake, na habari zake hazimo katika kitabu cha shule.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kwetu sote tulio wenyeji. Katika kijiji chako, msomaji, huenda sasa yuko mwalimu aliyetoka mbali. Labda ni mtu wa Tanga aliyepelekwa kwenye baridi ya kwetu, anatetemeka, anatamani samaki na nazi, na majirani hawajui hata jina lake. Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walitaka tumpe nafasi miongoni mwetu, awe mwenzetu katika kazi na katika meza. Mpeleke Jumamosi moja ukamwonyeshe mto wenu. Mpelekee sahani ya chakula siku ya sikukuu yenu, na usisahau sikukuu yake. Naye akiuliza wapi atapata nyundo na msumari, mwazime siku hiyo hiyo.